Kukata kebo bila kutupa kamera: mwongozo kamili wa kurusha picha za kamera za ulinzi hewani

Mama mmoja wa Kampemba aliniita asubuhi moja ya Novemba, maji ya mvua yakiwa bado yanadondoka kutoka kwenye mabati. Ana duka upande mmoja wa avenyu na depo ya saruji upande wa pili. Kamera mbili za depo zilikuwa zikipeleka picha kwenye DVR ya dukani, yaani mashine inayorekodi picha, kwa kebo iliyovuka juu ya barabara, kutoka paa hadi paa. Usiku ule mtu alipanda, akakata mita zote alizozifikia, akaondoka nazo begani. Hapa Lubumbashi, mji uliozaliwa na shaba, kebo inayoning'inia ni pesa inayoning'inia. Zamu, mlinzi wa usiku, hakuona kitu. Kamera nazo zilikuwa zimekwisha kupofushwa.

“Yaya, sitaki tena waya,” akaniambia. “Nasikia kuko kamera za bila waya. Uniletee ile.”

“Hata ile itaomba waya ya kuran, ya umeme, mama.”

Akaniangalia kama mtu anayeanza kutapeliwa, nami nikamwelewa. Neno “bila waya” limewadanganya wengi. Kamera ina haja mbili: kupata umeme na kutoa picha. Hewa inaweza kubeba picha, umeme haiwezi. Hata kamera ya betri itashushwa ukutani siku moja ikachajiwe, na siku hiyo ukuta wako hauna mlinzi.

Kwa hiyo anza na swali hili: katika nyaya zako zote, ni upi unaokutesa? Mara nyingi ni kipande kimoja tu: kile kinachovuka barabara, kinachopita juu ya paa la jirani, au kilichozikwa kwenye ua ambao mwezi ujao utachimbwa tena kwa ajili ya bomba la maji. Ondoa hicho. Vingine viache. Kebo nzima iliyotulia ukutani inaaminika kuliko redio yoyote, ingawa anayekuuzia redio hatakuambia hivyo.

Angalia mkia wa kamera

Mkia ndio utakaoamua gharama. Ukikuta kiunganishi cha duara kinachofungwa kwa kusokota, yaani BNC, pamoja na tundu dogo la umeme wa volti 12, hiyo ni kamera ya analogi, iwe ya kizazi cha zamani (CVBS) au ya picha safi (AHD, TVI, CVI). Ukikuta tundu la pembe nne kama la kebo ya intaneti, RJ45, hiyo ni kamera ya IP.

Kamera ya analogi inasukuma picha ndani ya koaksia, ile kebo yake ya duara, kama mtikisiko wa umeme. Kifaa cha Wi-Fi hakielewi lugha hiyo mpaka DVR au mashine nyingine iigeuze kuwa data. Kamera ya IP inafanya ugeuzaji huo tumboni mwake. Kinachotoka kwenye RJ45 yake tayari ni data, na data haijali kama inapita kwenye shaba au hewani.

Kisha angalia rekoda yenyewe. Zile ziitwazo XVR zinapokea kamera za analogi za aina zote na, juu ya hizo, kamera kadhaa za IP. Fungua menyu, tafuta sehemu ya aina ya chaneli. Ikiwa inakuruhusu kugeuza chaneli kutoka analogi kwenda IP, umeokoa pesa ya rekoda mpya.

Njia zilizopo, kuanzia ninayoipenda

Njia ya kwanza haitangazwi na muuzaji yeyote: hamisha rekoda, kamera ziache. Kamera zako za analogi zikiwa zote upande mmoja, kwa mfano nne zinazozunguka depo, weka DVR humo humo depo. Koaksia fupi zinabaki zilivyo. Kinachovuka hewani ni kebo moja tu ya mtandao inayotoka mgongoni mwa DVR. Faida yake kubwa utaiona siku redio itakapozima: rekodi inaendelea, kwa kuwa diski iko upande wa kamera. Unakosa kutazama kwa saa moja, huikosi picha ya mwizi. Hasara ni kwamba rekoda sasa inalala karibu na mali, na mwizi mwenye akili ataibeba. Ifungie kwenye sanduku la chuma lenye matundu ya hewa, juu ya dari, mbali na mahali mkono unapoanzia kutafuta.

Ndivyo tulivyofanya kwa yule mama. DVR ya duka ilibaki na kamera za duka. Depo ilipata DVR ndogo ya chaneli 4, na antena mbili zikavusha picha juu ya avenyu. Kamera zake za zamani zinatazama bado.

Njia ya pili ni ya wenye kamera za IP. Kamera, au swichi inayokusanya kamera kadhaa, inaingia kwenye antena moja. Antena ya pili inapokea na kuingia kwenye NVR, rekoda ya kamera za IP. Hii ni safi na rahisi kupanua. Lakini hapa rekodi inategemea hewa, kwa hiyo tia kadi ya kumbukumbu ndani ya kila kamera inayoikubali, ili ijirekodi yenyewe kiungo kikikatika.

Njia ya tatu: una kamera moja ya analogi, iko peke yake mbali, labda kwenye geti. Kuna mashine ndogo ziitwazo enkoda zinazogeuza picha ya BNC kuwa ya IP. Kabla ya kununua, linganisha bei yake na ya kamera mpya ya IP. Mara nyingi kamera mpya ni rahisi zaidi na picha yake ni bora. Kufunga enkoda nyuma ya kamera chakavu ni kama kumshonea suti mtu anayekwenda kulima.

Njia ya nne ni transmita za analogi, zile jozi ndogo za gigahezi 2.4 au 5.8 zinazochomekwa kwenye BNC. Nyingi hupitisha picha ya CVBS tu, si AHD wala TVI. Zinagombana na Wi-Fi ya mtaa mzima, na mtu yeyote mwenye kipokezi cha aina hiyo barabarani anaiona sebule yako, maana hazifichi chochote. Mimi sizifungi.

Kuna pia njia ya mkato kwa kamera moja ya IP iliyo ndani ya mita 20 au 30 kutoka kwenye Wi-Fi ya nyumba: ruta ndogo yenye modi ya klienti. Inashika Wi-Fi ya nyumba kama simu inavyoishika, kisha inatoa kebo fupi kwa kamera. Kwa kamera moja inatosha. Kwa tatu, nunua antena za kweli.

Pima kwa macho kabla ya kufungua mfuko

Panda juu ya paa la kwanza, simama mahali antena itakapokaa, utazame la pili. Usipoliona kwa macho, simama hapo hapo. Ukuta wa matofali ya kuchoma unapunguza nguvu. Bati linaizuia kabisa. Na lupangu zetu, yaani viwanja vyetu vya nyumba, zina mabati kila upande: paa, kibanda cha zamu, geti lenyewe.

Hata ukiona, bado. Redio haipiti kama uzi wa mwashi. Inapita kama ndizi: nyembamba kwenye ncha, nene katikati. Unene huo unaitwa eneo la Fresnel, kwa jina la mwanafizikia Mfaransa Augustin Fresnel. Kwenye gigahezi 5.8, kiungo cha mita 100 kinahitaji katikati yake nafasi ya kama mita 1.1 kila upande wa mstari. Cha mita 300 kinahitaji karibu mita 2. Cha kilomita 1, mita 3.6. Kwenye gigahezi 2.4 ndizi ni nene zaidi: kwa mita 300 ni kama mita 3. Ukiacha wazi angalau asilimia 60 ya nafasi hiyo, utafanya kazi vizuri. Antena inayochungulia sentimita kumi juu ya kilele cha bati la jirani inaona, lakini ndizi yake imekatwa nusu.

Halafu miti. Hili lilinigharimu. Nilipima kiungo mwezi wa Agosti, kiangazi kikiwa kimekausha kila kitu, na jakaranda iliyo katikati ya njia imebaki matawi matupu. Ishara ilikuwa nzuri ajabu, nikalipwa, nikaondoka. Desemba mteja akanipigia simu: picha inaganda kila mvua ikinyesha. Jakaranda ilikuwa imerudisha majani yake yote. Mvua yenyewe, kwa umbali wa mita mia chache kwenye gigahezi 5, haina madhara ya kuhesabu. Kinachokula mawimbi ni majani yaliyolowa. Tangu hapo nikiona mti njiani namwuliza mwenye lupangu unakuwaje mwezi wa Januari. Mwembe na mwavokado hazisubiri msimu, ziko na majani mwaka mzima, kwa hiyo hizo hazidanganyi.

Mwisho pima mzigo. Kamera ya megapikseli 2 ikitumia ufinyazi (ubanaji wa video) wa H.264 inataka kama megabiti 4 kwa sekunde, ikitumia H.265, kama 2. Kamera nne ni 8 hadi 16. Boksi la antena litaandikwa 300, lakini namba hiyo ni ya hewani, kwenda na kurudi pamoja, kwenye chaneli pana na mtaa mtupu. Antena nyingi za bei ya kawaida zina tundu la kebo la megabiti 100, na mtaani kwetu nikipata 50 za kweli nashukuru. Mzigo wa kamera usizidi nusu ya ulichopima.

Vya kununua

Jozi ya antena za nje, zile mafundi wanaziita CPE. TP-Link CPE510 ya gigahezi 5 ni mfano mzuri, na NanoStation za Ubiquiti ni nyingine. Kuna CPE210 ya gigahezi 2.4, inavumilia majani kidogo zaidi, lakini hewa ya 2.4 mjini imejaa. Katikati ya mji chukua 5. Antena za aina moja pande zote mbili, maana mbinu zao za kugawana zamu ya kusema hazielewani kati ya kampuni na kampuni.

Kebo ya mtandao ya nje, Cat5e au Cat6, yenye ganda jeusi linalovumilia jua. Chukua wembe, kwangua waya mmoja kabla ya kulipa. Ndani ukikuta weupe, ni alumini iliyopakwa shaba. Inauzwa sokoni hata hapa, mji wa shaba, na ukipitisha umeme ndani yake kwa mita 40 utajuta.

Vingine: kichwa cha RJ45 na koleo lake, vishikio vya chuma vya bomba, bomba la maji la chuma kwa mlingoti, sanduku la plastiki lisiloingiza maji, na adapta zinazokubali volti 100 hadi 240. Namba hizo mbili ni muhimu kwa umeme wetu unaopanda na kushuka.

Tayarisha kila kitu mezani

Kosa la kawaida ni kupanda paa na antena ambayo haijapangwa, kisha kushika kompyuta kwa mkono mmoja na ngazi kwa mwingine. Panga vyote chini, juu ya meza.

1. Weka antena mbili mezani, mita tatu hivi kati yao, na ushushe nguvu ya kurusha hadi mwisho. Zikiwa karibu kwa nguvu kamili zinapigiana kelele hadi hazisikilizani.

2. Kila antena ina kisanduku chake cha umeme chenye matundu mawili. Lililoandikwa PoE (umeme unaopita ndani ya kebo ya mtandao) linakwenda kwenye antena, la LAN kwenye kompyuta. Usikosee. Nyingi za antena hizi zinatumia volti 24 zinazotoka muda wote bila kuuliza, na kifaa kisichozitarajia kinaweza kuungua. Kamera za PoE za kawaida zinatumia karibu volti 48 na zinasalimiana na swichi kwanza kabla ya kupewa umeme. Mifumo hiyo miwili usiichanganye kamwe.

3. Ipe kompyuta anwani iliyo jirani na ya antena. TP-Link CPE hufunguka kwa 192.168.0.254, Ubiquiti kwa 192.168.1.20. Kwa ya kwanza andika kwenye kompyuta 192.168.0.10, fungua kivinjari, ingia.

4. Badilisha neno la siri papo hapo. Chagua nchi sahihi, maana ndiyo inayoamua chaneli na nguvu zinazoruhusiwa.

5. Antena ya upande wa ruta iwe aksesi pointi, yaani inayorusha mtandao. Ipe jina lisiloeleza chochote. “KAMERA-DEPO” ni mwaliko. Usalama WPA2, neno refu, upana wa chaneli megahezi 20. Fanya uchunguzi wa hewa uone majirani wako wapi, ukae mbali nao.

6. Antena ya upande wa kamera iwe klienti katika modi ya daraja. Ikibaki katika modi ya ruta, kamera zitajificha nyuma yake na rekoda haitaziona. Tafuta jina ulilolitoa, jiunge, kisha uifunge kwa anwani ya MAC (namba ya pekee ya kila kifaa) ya mwenzake ili isije ikashika nyingine.

7. Zima DHCP kwenye antena zote mbili. Mgawaji wa anwani awe mmoja tu, ruta ya nyumba.

8. Andika anwani kwenye karatasi na uibandike ndani ya sanduku la rekoda. Mimi hutumia mpango huu: ruta 192.168.1.1, rekoda 192.168.1.50, kamera kuanzia 61, antena 201 na 202. Kamera mpya za Hikvision huja na 192.168.1.64, za Dahua 192.168.1.108. Ukichomeka mbili mpya za kampuni moja kwa wakati mmoja zinagombea anwani, na utadhani moja ni mbovu. Washa moja, ibadilishe, kisha ya pili.

9. Unganisha mfumo mzima hapo mezani, pamoja na rekoda na kamera, uuache saa moja. Picha ikiganda mezani, juu ya paa haitapona.

Kuingiza kamera ya IP kwenye rekoda ya kampuni nyingine kunapitia ONVIF, lugha ya pamoja ya kamera za kampuni mbalimbali. Kwenye kamera nyingi ONVIF imezimwa tangu kiwandani na inataka mtumiaji wake wa pekee, kwa hiyo iwashe na umtengeneze mtumiaji huyo kwanza. Ikikataa kabisa, jaribu mkondo wa RTSP, njia nyingine ya kuvuta video mtandaoni, kwenye tundu namba 554.

Kupandisha

Funga mlingoti kwenye ukuta au kwenye mbao ngumu ya paa; bati peke yake linacheza na upepo wa mvua za kwanza. Antena zote mbili zisimame wima kwa namna moja.

Rudisha nguvu ya kurusha mahali pa kati. Kaza antena ya kwanza kwa macho. Ya pili izungushe polepole, kidole kimoja kwa wakati, huku mtu wa chini akikusomea namba. Simu ya mkononi inatosha kuwaunganisha. Namba ni desibeli zenye alama ya kutoa: −45 hadi −60 ni nzuri, −65 inavumilika, chini ya −70 usiondoke bado. Ikizidi −35, zinapigiana kelele, shusha nguvu. Geuza hadi ipande, pitiliza hadi ianze kushuka, kisha rudi kwenye kilele. Wengi wanakaza kwenye kilele cha kwanza wanachokiona, nacho mara nyingi ni kidogo cha pembeni. Kilele cha kweli kiko digrii chache mbele.

Kebo inaposhuka kutoka kwenye antena iache ining'inie kidogo chini kabla ya kuingia ukutani, ili maji yadondokee kwenye tumbo hilo badala ya kufuata kebo hadi ndani. Matundu ya antena yaangalie chini. Maji ndani ya RJ45 ndiyo yanayoua antena nyingi kuliko kitu kingine.

Umeme

Hapa ndipo kazi nyingi zinapofia. Umekata waya wa picha, sasa kamera inapata wapi umeme? Ikiwa depo ina umeme wake, vizuri. Kama haina, usijaribu kuvusha volti 12 kwa waya mwembamba. Hesabu yake ni hii: waya wa shaba wa milimita mraba 0.75, mita 30, kwenda na kurudi ni mita 60, una ukinzani wa omu 1.4. Ukipitisha ampea 1, volti 1.4 zinapotea njiani na kamera inabaki na 10.6. Mchana itafanya kazi. Usiku taa zake za infraredi zinawaka, inataka umeme zaidi, volti zinaanguka, inazima. Taa zinazima, inapata nguvu, inawaka tena. Mteja atakuambia kamera ina pepo.

Kwa umeme wa kukatika, piga hesabu ya wati. Kamera ya wati 6 na antena ya wati 6 ni wati 12. Betri ndogo ya volti 12 na ampea-saa 7, kama ile ya king'ora, ina wati-saa 84. Ukitumia nusu ili isife mapema, unapata saa 3 na nusu. Kwa delestaji fupi, yaani mgao wa umeme, inatosha. Antena ya volti 24 itahitaji kipandisha volti kidogo kutoka 12. Usitumie inveta kugeuza betri kuwa volti 220 halafu adapta iirudishe 12. Unalipa ushuru mara mbili.

Mahali pasipo umeme kabisa, kama shamba la njia ya Kasumbalesa au kiwanja kinachojengwa, weka jua. Wati 12 kwa saa 24 ni wati-saa 288. Betri ya asidi ya ampea-saa 100 ina 1,200. Tumia nusu, una siku mbili bila jua. Kwa paneli, katika miezi ya mvua nahesabu saa 4 za jua kamili na naondoa theluthi kwa hasara za njiani. Inatoka kama wati 108. Mimi naweka 150, kwa sababu Januari hapa mawingu yanaweza kukaa siku tatu. Na paneli nayo inaibwa. Ifunge kwa boliti uliyoivunja kichwa, ndani ya macho ya kamera yake yenyewe.

Usisahau upande wa pili. Nimeona watu wakiiwekea kamera betri, huku ruta ya nyumbani ikizima pamoja na taa ya sebule.

Radi

Ukishakata kebo iliyounganisha majengo mawili, umepata zawadi ambayo hukuinunua. Koaksia ndefu juu ya paa ni barabara ya radi: ikipiga karibu, msukumo unapita humo na kuunguza kamera, chaneli ya DVR, wakati mwingine DVR nzima. Hewa haibebi msukumo huo. Lakini mlingoti wako wa chuma bado uko juu kuliko vyote. Uunganishe kwa waya mnene wa shaba na chuma kilichopigwa ardhini mita 1.5 au zaidi, kwenye udongo unaobaki na unyevu, na ufiche waya huo ndani ya bomba. Unajua kwa nini. Antena yenyewe iwe chini kidogo ya ncha ya mlingoti.

Kutazama kwa simu

Daraja linaleta picha hadi dukani. Kuzileta kwenye simu yako ukiwa Kolwezi au Kinshasa ni kazi ya intaneti, na hapo ndipo megabaiti zinapoliwa. Mkondo mkuu wa megabiti 2 unakula megabaiti 900 kwa saa, gigabaiti 21.6 kwa siku. Mkondo mdogo wa kilobiti 256 unakula megabaiti 115 kwa saa. Panga programu ya simu ifungue mkondo mdogo daima, na ule mkuu uufungue unapotaka kuona uso. Usiiruhusu rekoda ipeleke kila kitu kwenye hifadhi ya mtandaoni kwa kadi ya SIM; itamaliza kifurushi cha mwezi kwa siku mbili.

Mitandao ya simu mara nyingi haikupi anwani ya umma, kwa hiyo kufungua matundu kwenye ruta hakutasaidia kitu. Tumia huduma ya kampuni ya rekoda kwa kuchanganua msimbo wake, na uweke neno la siri ambalo si tarehe ya kuzaliwa ya mtoto.

Diski nayo ihesabu: kamera nne za megabiti 2 zinajaza gigabaiti 86 kwa siku, kwa hiyo diski ya terabaiti 1 inashika siku 11. Wizi wa depo hugunduliwa siku ya kuhesabu mali, nayo huja mara moja kwa mwezi. Nunua kubwa zaidi, au rekodi panapokuwa na mwendo tu.

Na kamera iangalie lupangu yako. Sheria ya numeriki ya Kongo, Ordonansi-sheria namba 23/010 ya tarehe 13 Machi 2023, inalinda data binafsi za watu, na uso wa jirani akioga nyuma ya nyumba yake ni data yake. Mambo ya masafa yako chini ya sheria namba 20/017 ya Novemba 2020; kwa antena ndogo za ndani ya mtaa, kaa kwenye nguvu na chaneli za nchi uliyoichagua katika hatua ya nne.

Ikileta shida

Picha inaganda jioni tu, kati ya saa moja na saa nne usiku: majirani wamerudi na Wi-Fi zao. Fanya uchunguzi wa hewa saa hiyo hiyo, sio asubuhi, kisha hamisha chaneli.

Kamera inazima na kuwaka usiku: volti. Pima kwenye mkia wa kamera taa zikiwa zinawaka, usipime kwenye adapta.

Kiungo kilikuwa kizuri na sasa namba imeshuka kwa 10 au zaidi: mlingoti umegeuzwa na upepo, mti umekua, au jirani ameongeza ghorofa. Panda uangalie kwanza kabla ya kugusa kompyuta.

Antena zinaonana vizuri lakini rekoda haioni kamera: karibu kila mara ni anwani mbili zinazofanana, au klienti iliyorudi kwenye modi ya ruta baada ya mtu kubonyeza kitufe cha kurejesha.

Saa ya rekodi haiendani na saa ya kweli: betri ndogo ya ndani ya DVR imekufa, na kila umeme ukikatika inarudi nyuma. Ibadilishe, uipe rekoda saa kutoka mtandaoni. Video yenye tarehe ya uongo haitakusaidia polisi.

Na ile kebo ya zamani iliyobaki juu ya barabara, iteremshe siku hiyo hiyo kabla ya kukunja ngazi. Mama wa Kampemba alitaka tuiache kwa ajili ya baadaye. Nilikataa. Mwizi hajui kwamba imekufa. Atapanda tena kuifuata, na safari hii atakanyaga antena.